Kwa nini hawakumpiga mguuni?

*Swali:* "Kaka yetu alikuwa na miaka 31. Tangu kidato cha nne alikuwa na maradhi ya akili, na akinywa dawa zake alikuwa mpole, hamkosei mtu. Mwezi uliopita dawa zilikwisha, akakesha siku nne mfululizo, na Jumamosi asubuhi akatoka uani na panga la kukatia madafu akisema kuna watu ndani ya ukuta. Hakumgusa mtu. Mimi ndiye niliyempigia simu mzee wa mtaa, naye akaita polisi. Walikuja wanne na bunduki. Waliingia uani moja kwa moja wakipiga kelele 'Weka chini!', na kabla sijamaliza kuwaambia kuwa ni mgonjwa nikasikia mlio, halafu mwingine. Risasi mbili, zote kifuani. Alilala pale karibu nusu saa kabla ya kupakiwa kwenye gari. Jirani mmoja anasema alikuwa akiwaendea, mwingine anasema alikuwa amesimama tu. Tulimzika Jumatatu, baada ya uchunguzi wa maiti ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeingia. Kituoni tunaambiwa faili limefungwa kwa sababu marehemu alikuwa na silaha. Nauliza: kwa nini hawakumpiga mguuni? Kwa nini hawakupiga hata moja hewani? Ni kweli hakuna la kufanya? Tuko hapa Pwani ya Kenya. Mama hali, halali. Nami najiuliza kama ni mimi niliyemuua."

*Jibu:* Dada yangu, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yenu.

Kabla sijajibu lolote: nguo alizovaa siku ile ziko wapi? Kama mlirudishiwa, msizifue. Kama zina unyevu, zianikeni ndani kivulini zikauke, kisha kila vazi liwe kwenye mfuko wake wa karatasi au bahasha ya kaki. Msitumie nailoni (najua ilipigwa marufuku tangu 2017, na najua bado iko katika kila nyumba), kwa sababu hufanya damu ivunde na kuharibu kinachotafutwa. Kama hamkurudishiwa, ulizeni zilipo, na ulizeni kwa barua. Sababu utaiona huko mbele.

Mimi nilivaa sare miaka kumi na saba, na sita kati ya hiyo nilikuwa mkufunzi wa silaha. Baadaye nikasomea sheria. Sikuwepo uani kwenu, kwa hiyo sitakwambia kwamba askari wale walivunja sheria wala kwamba hawakuivunja. Ninaloweza kukupa ni namna ya kulitazama tukio lile ili ujue mahali pa kuuliza, maana naona wewe na watu wa kituoni nyote mmeshika mahali pasipo penyewe. Wao wameshika panga. Wewe umeshika mguu.

Nianze na mguu, kwa kuwa hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko jingine lolote, na tangu Julai 2025 limezidi. Mwezi ule Rais William Ruto alisema hadharani kwamba wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu, wasiuawe. Wengi waliona huo ndio upole wa polisi. Mimi niliyewafundisha watu kulenga nilishtuka, kwa sababu risasi ya mguu si adhabu ndogo. Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatwa mtu anaweza kumaliza damu kwa dakika chache tu. Wewe mwenyewe umesema kaka yako alilala nusu saa bila gari. Angepigwa pajani na mshipa ule ukakatika, nusu saa hiyo ingemmaliza vilevile.

Tena kuna suala la kulenga. Mguu wa mtu anayetembea ni kitu chembamba kinachokwenda mbele na nyuma, na mwenye bunduki naye mapigo ya moyo yako juu, mikono inatetemeka. Risasi ya AK-47 hutoka mdomoni mwa bunduki kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde. Ikimkosa mtu haifii hapo. Inatoboa bati, inapita ukuta wa udongo, inagonga sakafu ya saruji na kuruka upande usioutarajia. Uani kwenu kulikuwa na wewe, na majirani, na pengine watoto nyuma ya mlango. Ndiyo maana polisi wa nchi nyingi, hata wale wachache wa Uingereza wanaobeba bunduki, hufundishwa kwamba ukifikia hatua ya kufyatua unalenga sehemu pana ya mwili, yaani kifua, na unafyatua ili kuzuia hatari iliyo mbele yako.

Sasa sikiliza upande wa pili, kwa sababu polisi wakieleza hupenda kuishia hapo. Kama bunduki haiwezi kutumika kwa upole, basi hata kuielekeza kwa mtu kunataka sababu nzito. Askari hawezi kujitetea kwa kusema "nilimpiga kidogo tu". Na akisema alilenga mguu kwa kuwa hali haikuwa mbaya sana, amekiri kwamba hapakuwa na sababu ya kufyatua kabisa. Kwa hiyo risasi kuwa kifuani hakuonyeshi kwamba walikusudia kumuua, na ingekuwa mguuni kusingeonyesha kwamba walikuwa na huruma. Mahali pa kuuliza ni kabla ya hapo.

La risasi ya hewani nitalipitia haraka. Sheria yetu inamtaka askari ajitambulishe, atoe onyo lililo wazi kwamba atatumia silaha, na ampe mtu muda wa kulisikia na kulitii, isipokuwa kama kungoja huko kungehatarisha maisha ya askari au ya mtu mwingine, au kama onyo lenyewe ni bure kwa hali ilivyo. Onyo ni la mdomo. Risasi iliyopigwa juu lazima iende mahali, na mijini mahali hapo huwa ni kwa mtu. Machi 2020 mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya ghorofa ya tatu huko Kiamaiko, Nairobi, wakati polisi wakisimamia kafyu mtaani. Usiwalaumu kwa kutopiga hewani. Uliza kuhusu yale maneno "Weka chini!": baina ya neno lile na mlio wa kwanza zilipita sekunde ngapi? Na mtu ambaye hajalala siku nne, anayesikia watu ukutani, angeyaelewa vipi maneno hayo kutoka kwa watu wanne wanaopiga kelele kwa pamoja?

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Mwaka 1983 askari mmoja wa Salt Lake City, Marekani, jina lake Dennis Tueller, aliandika kuhusu jaribio dogo alilolifanya. Aliwapima watu wakikimbia futi 21, kama mita sita na nusu, na akaona mtu wa kawaida huzimaliza kwa sekunde moja na nusu. Huo ndio muda ambao askari anauhitaji kuchomoa bastola kiunoni na kufyatua. Maana yake mwenye kisu aliye mita sita kutoka kwako tayari ni hatari. Jaribio hilo limezunguka dunia nzima, na sisi tulilifanya uwanjani kwa namna yetu. Kuruta alisimama bunduki ikiwa imening'inia begani, mwenzake akasimama hatua nane mbali na kijiti kilichopakwa chaki. Nikipuliza filimbi, wa kijiti anakimbia. Mara nyingi kuruta alikuwa bado anahangaika na mkanda wa bunduki wakati mstari mweupe umeshachorwa shingoni mwake. Wanafunzi walicheka, halafu wakanyamaza.

Kwa hiyo jirani anayesema "alikuwa mbali nao, kama kutoka hapa hadi pale mlangoni" asidhani ameshamaliza kesi. Mbali ya mlangoni si mbali.

Lakini somo lile wengi hulisoma kichwa chini miguu juu. Nimesikia maafisa, hata mahakamani, wakilitaja kana kwamba kila mwenye kisu aliye ndani ya mita saba ameshahalalisha kupigwa risasi. Zoezi halisemi hivyo. Linasema usijiweke ndani ya mita saba! Baada ya kicheko kile nilikuwa namrudisha kuruta yule yule mahali pake, namwekea mkokoteni mbele, namwambia arudi nyuma hatua kumi, kisha napuliza tena. Wa kijiti anakimbia, anauzunguka mkokoteni, na kuruta ana muda wa kuinua bunduki, wa kusema, wa kurudi nyuma zaidi, hata wa kutofanya lolote. Mtu ni yule yule na kijiti ni kile kile. Kilichobadilika ni mahali askari aliposimama.

Nilipokuwa kijana kazini nilimwona sajenti mmoja mzee akiyafanya hayo bila kuyasoma popote. Tuliitwa kwa mtu aliyeshika jembe akitishia kumpasua kila anayekaribia, naye vilevile alikuwa mgonjwa. Sisi vijana tulitaka kuingia. Sajenti akatuzuia getini, akatuma mmoja wetu awaondoe watazamaji, maana kelele za watu zilikuwa zinampandisha yule bwana. Akamuuliza mama mwenye nyumba mwanawe anaitwa nani nyumbani, si jina la shule. Kisha akasimama nyuma ya pipa la maji, mbali, akaanza kumwita kwa jina hilo na kumuuliza mambo ya mpira. Dakika arobaini. Mikono ya yule bwana ilichoka, jembe likashuka lenyewe, akakaa chini. Hakuna aliyeandika habari hiyo gazetini, na sajenti alirudi kituoni akaulizwa mbona amechelewa.

Ndiyo maana katika barua yako neno lililonishtua si "kifuani". Ni "Waliingia uani moja kwa moja". Kama ua wenu una geti, kama hapakuwa na mtu mwingine ndani ambaye angeweza kukatwa wakati ule, kama wangeweza kubaki nje na kukusikiliza wewe kwa dakika mbili, basi hatari ile ya sekunde moja na nusu kwa sehemu kubwa waliitengeneza wao wenyewe kwa miguu yao. Lakini kama kulikuwa na mtoto uani, au bibi ameketi barazani karibu na mwenye panga, kuingia kwao kunakuwa na sababu. Unaona kwa nini nahitaji kujua nani alikuwa wapi?

Nitawatetea kidogo pia. Askari wetu wa doria wengi hutumwa na bunduki na rungu, basi. Baina ya mdomo na risasi hakuna ngazi ya katikati. Uingereza, ambako polisi wengi hawabebi bunduki kabisa, mwenye kisu huendewa na ngao, virungu na kifaa cha kupiga shoti ya umeme. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinazitaka serikali ziwape polisi vifaa vya namna mbalimbali, ngao na kofia za kujikinga zikiwemo, ili wasilazimike kukimbilia bunduki. Mtu akikunyima ngao na kukupa AK, amekwisha kuchagua kwa niaba yako sehemu kubwa ya utakalofanya. Hilo ni kosa la walio juu, na halimwondolei aliyefyatua wajibu wake.

Sasa "faili limefungwa kwa sababu alikuwa na silaha".

Si kweli, na aliyekwambia ama hajui sheria inayomwongoza au anatarajia huijui wewe. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali lake la Sita, inasema kwanza zitumike njia zisizo za nguvu. Nguvu zikitumika ziendane na uzito wa kosa na upinzani wa mtu. Bunduki itumike pale tu njia nyingine hazitoshi, ili kuokoa maisha au kujikinga na hatari ya kifo au jeraha baya iliyo karibu kutokea. Kuna vifungu vilivyoongezwa baadaye, vya ulinzi wa mali na vya washtakiwa wanaotoroka, lakini kaka yako hakuwa mshtakiwa wala hakuwa akitoroka. Kushika panga hakumo kwenye orodha. Swali la sheria ni kama panga lile, mkononi mwake, kwa umbali ule, wakati ule, lilikuwa hatari ya kifo ambayo haikuweza kuepukwa kwa njia nyingine.

Jedwali hilo hilo linasema mambo mengine mawili yanayokuhusu moja kwa moja. Mtu akijeruhiwa, askari waliopo lazima wampe msaada wa matibabu mara moja, na kushindwa kufanya hivyo bila sababu nzuri ni kosa la jinai. Hiyo nusu saa yako ina uzito wake peke yake, hata ikithibitika kwamba risasi zilikuwa halali. La pili, nguvu za polisi zikisababisha kifo, mkuu wa aliyefyatua lazima atoe taarifa mara moja kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, nayo ndiyo ichunguze. Mahali pa tukio palindwe, na familia iarifiwe. Kituo hakina uwezo wa kujifungia faili la kifo kilichosababishwa na askari wake. Ukienda, uliza kwa utulivu swali moja: "Taarifa ilipelekwa IPOA tarehe gani?" Andika jibu, na jina la aliyekujibu.

Na usidhani neno "panga" hufunga mlango mahakamani. Agosti 2014, huko Kinango, kaunti ya Kwale, polisi waliingia usiku kwenye nyumba wakimtafuta mtu mwingine, na binti wa miaka 14 akapigwa risasi akafa. Maelezo yao yalikuwa kwamba binti aliwashambulia kwa panga. IPOA ilichunguza, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawahukumu maafisa wawili kifungo cha miaka saba kwa kuua bila kukusudia. Kesi yenu si ile. Kaka yako kweli alikuwa na panga, na mashahidi wanakubaliana juu ya hilo. Nakupa mfano ujue kwamba maelezo hupimwa.

Yatapimwa kwa nini? Hapa narudi kwenye nguo. Risasi iliyopigwa karibu sana huacha masizi na vidoa vya baruti kwenye kitambaa na ngozini. Iliyopigwa kutoka mita kadhaa haiachi. Njia ya risasi mwilini huonyesha kama aliyepigwa alikuwa amesimama wima, ameinama, amegeuka au ameshaanguka. Hayo daktari huyaandika, kwa hiyo ombeni kwa maandishi nakala ya ripoti ya uchunguzi wa maiti. Upande wa polisi kuna kitabu cha matukio, yaani OB, na kuna rejista ya silaha ambamo kila bunduki na idadi ya risasi husainiwa ikitoka na ikirudi. Wewe huwezi kuidai rejista ile na kupewa. Mchunguzi wa IPOA anaweza.

Halafu kuna masikio yako. Umeandika "nikasikia mlio, halafu mwingine". Funga macho ukumbuke: ilikuwa "pa-pa", au ilikuwa "pa"... kisha "pa"? Hata mtu hodari, akishaamua kufyatua, kidole huchelewa kupata habari kwamba hatari imekwisha, kwa hiyo risasi mbili ndani ya pumzi moja aghalabu ni uamuzi mmoja. Lakini kama katikati palikuwa na nafasi ya mtu kuyumba na kuanguka, risasi ya pili inataka sababu yake yenyewe. Usiulize jirani alisikiaje kabla hujaandika ulivyosikia wewe.

Na hao majirani wawili wasigombane. Anayesema alikuwa akiwaendea na anayesema alikuwa amesimama wanaweza wote kuwa wakweli. Mmoja alikuwa upande wa kisima akiona miguu, mwingine dirishani akiona kichwa na mabega. Hatua mbili za mtu aliyechanganyikiwa, kwa aliye mbele yake ni kushambuliwa, kwa aliye pembeni ni kupepesuka. Msiwakusanye sebuleni "wakubaliane". Nimeona familia zikifanya hivyo kwa nia njema, na wakili wa upande wa pili akaumaliza ushahidi wote kwa swali moja: nani aliwaita mkae pamoja? Kila mmoja aandike au arekodiwe peke yake, achore ua, aweke alama aliposimama. Kama kuna aliyepiga video, simu yenyewe itunzwe na video ibaki humo. Ikitumwa kwa WhatsApp hupungua ubora, na taarifa za saa na mahali iliporekodiwa hupotea njiani.

Mna njia kadhaa, na sitakupambia. Malalamiko kwa IPOA ni bure, na wana ofisi Mombasa. Wanachunguza, kisha wanapeleka pendekezo kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye ndiye huamua kama kuna mashtaka. Safari hiyo ni ndefu, inahesabika kwa miaka, na malalamiko mengi hayafiki mbele ya hakimu. Njia nyingine ni uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu, ule unaoitwa inkwesti, ambao haumfungi mtu lakini huwalazimisha watu kujibu maswali hadharani. Familia nyingi nilizozisaidia zilipata nafuu zaidi pale kuliko kwenye hukumu, kwa kuwa hatimaye walimsikia mtu akieleza kilichotokea dakika kwa dakika. Njia ya tatu ni kuishtaki serikali, ama kwa madai ya fidia ya kawaida au kwa ombi la haki za kikatiba, maana Kifungu cha 26 cha Katiba kinalinda uhai wa kila mtu, mgonjwa na mzima. Hapa kuna mtego wa kalenda: madai ya kawaida ya fidia dhidi ya serikali yana miezi 12 tu tangu tukio. Ombi la kikatiba halina kikomo kama hicho, lakini ukichelewa utatakiwa ueleze ulikuwa wapi. Mwezi mmoja umeshakwenda.

Kuhusu kufukua maiti: najua ndilo linalomwogopesha mama. Kunahitaji amri ya mahakama, na si kila kesi inalihitaji. Uchunguzi ulifanyika, kwa hiyo kwanza ipatikane ripoti na isomwe na daktari asiye wa upande wowote. Ikiwa imeandikwa vizuri, mwacheni ndugu yenu apumzike. Ikiwa ni mistari mitatu ya "alikufa kwa majeraha ya risasi", basi mzungumze na wakili, na pia na imamu au kasisi wenu, kabla ya kukubali au kukataa.

Jambo moja zaidi la njia hizi. Huenda akaja mtu na bahasha ya rambirambi na karatasi ya kutia saini. Rambirambi pokeeni mkitaka. Karatasi isisainiwe hadi wakili aisome.

Mpaka hapa nimekujibu kwa maandishi, lakini kesi hii haifanywi kwa maandishi. Nenda ofisi ya IPOA wiki hii, na usiende peke yako. Hapo Mombasa kuna MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu, ambao wamesindikiza familia nyingi kwenye njia hii na watakutafutia wakili kama hamna uwezo. IMLU, shirika la madaktari na wanasheria, husaidia kupata daktari huru wa kusoma ripoti za maiti. Mtu yeyote akikutisheni, iwe kwa simu au kwa kupita-pita nyumbani, usisubiri. Waambie mashirika hayo siku hiyo hiyo. Chukueni pia kadi ya kliniki ya marehemu na rekodi za dawa zake, kwa sababu zinathibitisha kwamba ugonjwa wake ulijulikana kabla ya Jumamosi ile.

Na wewe. Ulimpigia mzee wa mtaa kwa sababu kaka yako alikuwa na panga, hajalala siku nne, na uani kuna watu. Ungenyamaza, akamkata mtoto wa jirani, au majirani wakamkata yeye, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine yenye swali lile lile la mwisho. Uliita msaada. Walichofanya walioitwa kina wenyewe, na wana sheria inayowataka wakieleze. Wanaosoma hapa na wana mgonjwa nyumbani, wajue tu kwamba ujumbe unaopita midomo miwili hupoteza neno la katikati. "Ana panga, ni mgonjwa, hajamgusa mtu" hufika kituoni ikiwa "ana panga". Mkiweza, ongeeni na kituo wenyewe, mseme jina lake na ugonjwa wake, mseme kama yuko peke yake, na mtu mmoja awasubiri barabarani kabla hawajaingia. Wewe ulijaribu kuwaambia. Hawakukungoja umalize, na hilo liandike kwenye maelezo yako kama lilivyo.

Mama asiyekula wala kulala kwa wiki nne anahitaji kuonwa na mtu. Hospitali ya Port Reitz, hapo Mombasa, wana kitengo cha afya ya akili, na kama marehemu alikuwa akitibiwa huko, wanawajua tayari. Akikataa kwenda kwa sababu "yeye si mgonjwa", usibishane naye. Mwambie unataka apimwe presha tu, ukae naye foleni, na umnong'oneze muuguzi kabla hajaingia.